Mgeni Aambiwe Habari Kamili

Vijana wetu wengi wafanyao kazi katika mahoteli ya pwani huijua Thailand kwa sifa moja tu: kwamba inatunyang'anya watalii. Wamesikia habari za ufuo wa Phuket na masoko ya Bangkok, basi. Mimi naona nchi hiyo ina funzo kubwa kwetu, na funzo lenyewe haliko ufuoni.

Tuutazame mji wa kale wa Ayutthaya, kiasi cha kilomita 80 kaskazini ya Bangkok. Ulianzishwa mwaka 1351, ukawa makao ya wafalme wa Siam kwa zaidi ya miaka 400, hata majeshi ya Burma yalipouteketeza mwaka 1767. Mtalii hufika, akapigwa picha mbele ya masanamu yaliyokatika vichwa, akarudi zake akidhani ameumaliza mji.

Ni wachache wanaojua kwamba mwanzoni mwa karne ya 17 alifika hapo mfanyabiashara wa Kiislamu kutoka Qom, Uajemi, jina lake Sheikh Ahmad. Alipanda vyeo hata akawa mkubwa katika serikali ya mfalme, na ndiye ahesabiwaye kuwa wa kwanza kupewa cheo cha Chularajmontri, yaani mkuu wa Waislamu wa nchi hiyo. Cheo hicho kingalipo hadi leo, na kaburi lake liko Ayutthaya. Baadhi ya wazao wake waliingia dini ya Buddha, wakawa ukoo wa Bunnag. Mmoja wao, Chuang Bunnag, aliishika nchi kwa niaba ya mfalme kijana Chulalongkorn tangu 1868 hata 1873.

Biashara ya bahari ile haikuwa ngeni kwa wazee wetu. Mreno Tomé Pires, aliyeandika kati ya 1512 na 1515, aliwataja watu wa Kilwa, Malindi, Mombasa na Mogadishu miongoni mwa waliofika bandari ya Malaka, na watu wa Siam pia wamo katika hesabu hiyo.

Kisha kuna Kanchanaburi, penye daraja mashuhuri. Mwaka 1942 na 1943 jeshi la Japani lilijenga reli ya kilomita 415 kutoka Thailand kwenda Burma. Sinema ya mwaka 1957 ililitangaza daraja la mto Kwai ulimwenguni, ingawa ilipigwa Sri Lanka, na mto upitao chini ya daraja lenyewe ulikuwa Mae Klong. Wageni walipozidi kuuliza mto Kwai uko wapi, katika miaka ya 1960 sehemu hiyo ya mto ikapewa jina la Khwae Yai. Mto ukafuata sinema!

Hilo la kuchekesha. La kuliza ni hili: mateka wa kizungu zaidi ya 12,000 walikufa katika kazi hiyo, na karibu 7,000 wamelazwa kwa safu katika makaburi yanayotunzwa vyema mjini humo. Lakini vibarua wa Malaya, Burma na Java walikufa wengi zaidi, hata hukadiriwa kufika 90,000, na walio wengi hawana kaburi lijulikanalo wala jina juu ya jiwe. Mgeni huvuka daraja asijue kuwa hao walikuwako.

Nasi tujiulize. Gedi iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2024, na kabla yake Lamu na Ngome ya Yesu. Anayewatembeza wageni huwaambia nini? Je, huwataja waashi waliochoma chokaa, masheikh waliosomesha, na watumwa waliobeba mawe? Au hutaja sultani na Mreno tu?

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenyeji haponi kwa fedha peke yake. Wazee waliobaki waandikwe maneno yao sasa, na watembezaji wasomeshwe. Tusipoieleza sisi habari yetu, ataieleza mpiga sinema, na mito yetu itabadilishwa majina.