Bunduki ya Kale na Baruti Mpya

Huko Uingereza wako watu wanaokusanya bunduki za marisau za mitutu miwili zilizofuliwa zamani za babu zao, nao huzichukua mwituni kuwinda ndege. Nyingi zina mitutu iitwayo ya Dameski: fundi alisokota nondo nyembamba za chuma na feleji, akazizungusha kama kamba, akazifua motoni hata zikashikana. Ndiyo sababu mtutu huonekana una maua.

Lakini wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mitutu hiyo ilifanywa kwa baruti nyeusi. Akitiamo risasi za baruti isiyo na moshi, iliyoenea mwishoni mwa karne ya 19, mtutu uliolika kwa kutu waweza kupasuka na kuuharibu mkono wa kushoto unaoushika.

Basi mwindaji mwenye busara hutafuta kwanza alama ya majaribio, ya London au ya Birmingham, ambako nyumba ya kujaribia bunduki iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1813. Kisha humpa fundi bunduki apime unene wa mtutu. Asiyetaka kulipa fundi na aitundike ukutani. Mkono haununuliwi dukani.