Lebo za umri kwenye michezo ya video: nani abebe mzigo?

Tangu mwaka 2012, muuzaji nchini Uingereza anayempa mtoto mchezo wa video wenye lebo ya 12, 16 au 18 kabla hajatimiza umri huo anatenda kosa la jinai. Marekani, lebo ni za hiari: mwaka 2011 Mahakama ya Juu, kwa kura 7 dhidi ya 2, ilibatilisha sheria ya California iliyoweka faini ya hadi dola 1,000.

Hata hivyo, sheria ya Uingereza inahusu diski na bidhaa nyingine za kushikika, si michezo inayopakuliwa kwenye intaneti. Mwenye duka anabanwa, mshindani wake wa mtandaoni yuko nje ya sheria hiyo. Serikali inayotaka kulazimisha lebo haina budi kuzibana njia zote mbili. Vinginevyo biashara itahama, na mtoto atabaki bila kinga.