Mtori Haupo, Mzee

Katika maudhi yote yanayoweza kumfika mtu aliyetoa fedha yake kwa hiari, sidhani kama lipo linalouma kimyakimya kama hili la kuingia mkahawa wa fahari, ukavutiwa kiti kizito cha mninga, ukatandikiwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi hadi kikakakamaa, ukangojeshwa hata njaa uliyoingia nayo ikageuka uchovu, kisha ukaletewa sahani pana ambayo katikati yake pamewekwa kitu kidogo, cha vuguvugu, kisicho chumvi wala harufu, nawe ukakilipia thamani ambayo katika soko la Tarakea ingetosha kununua maharage ya kulisha nyumba nzima kwa wiki. Aliyeibiwa hupiga yowe na watu wakamjia. Lakini aliyelaghaiwa kwa taadhima, tena chini ya taa nzuri, aghalabu hushukuru, akaacha na bakshishi juu ya meza, akaenda zake.

Mkahawa ninaoukusudia sitautaja, wala msomaji asijisumbue kuubashiri, maana ndugu zake ni wengi katika miteremko hii ya mlima Kilimanjaro na ila zao ni moja. Nilikwenda huko pamoja na jamaa zangu kwa furaha ya kifamilia ambayo ilistahili mahali palipo bora kuliko sebule yetu. Bustani yake ilikuwa imefyekwa vizuri, na ukungu ulipokuwa ukipanda kutoka bondeni ukipita kati ya migomba, mtu angeweza kuapa kwamba mahali pazuri kuliko pale pa kulia chakula hapajaumbwa. Binti aliyetuhudumia alikuwa na adabu isiyo dosari. Alimwamkia kila aliyemzidi umri, akasimama kwa staha, akatukabidhi menyu yenye jalada la ngozi, ndefu kama daftari la mahakama, ambamo nchi nyingi za dunia zilikuwa zimewakilishwa kwa vyakula vyake isipokuwa hii tuliyokuwa tumeketi ndani yake. Pembeni ya kila jina bei ya dola ilikuwa imefutwa kwa wino na shilingi zikaandikwa juu yake kwa mkono. Ishara kwamba mwenye mkahawa alikwisha kusikia habari ya kanuni za mwaka 2025 zinazokataza bei kutangazwa humu nchini kwa fedha za kigeni, bali hakuona kwamba mteja anastahili karatasi mpya.

“Mwanangu,” nilimuuliza, “mtori upo?”

“Mtori haupo, mzee. Ipo supu ya uyoga.”

“Na machalari?”

“Hayo hatupiki hapa, mzee. Labda chipsi, au wali.”

“Basi kuku wa kienyeji?”

Alikwenda jikoni kuuliza, akakawia, akarudi na uso wa mtu aliyetumwa habari mbaya isiyokuwa yake. Kuku wa kienyeji hakuwapo. Samaki hawakuwapo, wala haikuwapo mboga tuliyoiona kwa macho yetu ikiota nyuma ya ukuta, na kila tulipotia kidole juu ya jina jingine katika lile daftari, binti aliinamisha kichwa. Mwishowe tuliagiza vilivyokuwapo. Supu ya uyoga ilikuja ikiwa unga wa pakiti uliokorogwa katika maji ya moto, vidonge vyake bado vikielea bila kuyeyuka. Nyama ilikuwa imekauka ukingoni na kuganda barafu moyoni, jambo ambalo halipatikani ila kwa nyama iliyotolewa katika friji na kutupwa juu ya moto mkali papo kwa papo. Na chipsi zilikuwa zimekaangwa katika mafuta yaliyokwisha kukaanga vitu vingine vingi kabla yake.

Hayo yote ningeyasamehe. Mpishi ni mwanadamu, na kila jiko lina siku yake ya nuhusi. Jambo nisiloweza kulisamehe ni kahawa.

Tuliagiza kahawa tukiwa tumeketi juu ya udongo uleule ambao arabika ilianza kustawi juu yake tangu mapadri wa misheni ya Kilema walipoipanda mwishoni mwa karne ya 19. Udongo ambao wakulima wake walifanya umoja mwaka 1925 ili kulinda haki yao ya kulima na kuuza zao hilo, wakati walowezi wengi walipokuwa wakiona kwamba zao hilo si la mtu mweusi, umoja ambao kutokana nao ulizaliwa mwaka 1933 ushirika wa KNCU, mmoja wa vyama vikongwe vya ushirika katika bara letu. Kwa kahawa watoto wa Kilimanjaro walilipiwa ada, nyumba zikaezekwa mabati, na mji wa Moshi ukawa makao ya mnada wa kahawa wa taifa. Pamoja na hayo yote, binti alituletea vikombe vya maji ya moto, na kando ya kila kikombe, juu ya kisahani chenye nakshi, vijipakiti vya kahawa ya kuyeyusha.

Sina ugomvi na kahawa ya kuyeyusha. Ile ya kwetu hutengenezwa Bukoba kwa mikono ya Watanzania, na msafiri wa basi la usiku huishukuru. Lakini kila kitu kina mahali pake. Mjini Unguja, Lamu au Mombasa, muuza kahawa akaaye barazani na dele lake la shaba na vikombe vyake visivyo masikio humpa mnywaji kahawa iliyokaangwa, ikatwangwa na kuchemshwa hasa, kwa sarafu ndogo, naye hana bustani wala taa ya kuning'inia. Ilhali huku mlimani, kwenye mibuni yenyewe, tunatozwa bei ya chakula cha mchana ili tupewe unga na maji. Haki yake isemwe pia: Moshi mjini, KNCU ina mgahawa wake uitwao Union Café unaopika kahawa ya wanachama wake, na yeyote anayetaka kujua kwamba jambo hili lawezekana na aende akanywe.

Niliuliza sababu, maana sikupenda kuondoka na hasira bila maarifa. Msimamizi, kijana mwungwana, alinieleza kwa upole kwamba mkahawa wao hutegemea zaidi wageni wapandao mlima, na kwamba wageni hawali mtori. Maneno hayo nimeyasikia mahali pengi mno, hata ninaona yafaa kuyapima.

Mtori si chakula cha ajabu. Huchukuliwa ndizi mbichi, bora zikiwa mshare, zikamenywa na kuchemshwa pamoja na nyama yenye mifupa hata zikalainika. Kisha nyama hutolewa kando, ndizi zikapondwa na kupekechwa mpaka zikawa uji mzito, kitunguu na chumvi vikatiwa, na nyama ikarudishwa ikiwa imechambuliwa. Ndicho chakula cha mzazi aliyejifungua, naye hulishwa mpaka apate nguvu na maziwa. Mtu atokaye Ulaya, aliyelala hemani njiani kutoka lango la Rongai, akateremka na magoti yanayotetemeka na midomo iliyopasuka kwa baridi, angehitaji nini zaidi ya hicho? Huyo mgeni kwao hula supu ya viazi iliyopondwa kwa namna hiyohiyo, akaiita chakula cha majira ya baridi. Sijamwona mgeni aliyejaribiwa kwa mtori akashindwa kuula. Walioshindwa ni wenye mikahawa, walioona haya kumtilia katika bakuli lao chakula ambacho mama zao waliwalisha kwa mwiko.

Hapo ndipo ninapoona shina la ugonjwa. Mkahawa wa fahari wa kwetu, kwa kuwa unaona haya mahali ulipo, hujitahidi kufanana na mahali pengine ambako mwenye mkahawa hajafika wala mpishi wake hajafika, na kwa hiyo hulazimika kupika kwa kukisia. Mpishi aliyekulia katika kihamba cha Rombo, ajuaye kwa ncha ya ulimi lini ndizi imeiva na lini sufuria ya kiburu imekolea, huamriwa aweke kando elimu hiyo yote na kuiga kitu alichokiona katika picha. Matokeo yake hayawezi kuwa mema. Fauka ya hayo, menyu ndefu huhitaji vitu vingi, na vitu vingi visivyoagizwa kila siku havina pa kukaa ila katika friji kwa majuma. Tena umeme ukikatika, Mungu ndiye ajuaye kilichoganda, kikayeyuka na kuganda tena. Mkahawa wenye vyakula sita vilivyopikwa asubuhi hiyo kwa vitu vya sokoni ungekuwa na heshima kubwa kuliko wenye sitini vya kwenye karatasi. Lakini mwenye mali huanza na paa, akafuata zulia, akafuata viti, akafuata bango la barabarani, na fedha inapokwisha ndipo akakumbuka kwamba atahitaji mtu wa kupika.

Hata Wafaransa, ambao wameifanya meza kuwa karibu na ibada, hawakudanganyika kwa mapambo. Kitabu cha Michelin, kilichoanzishwa mwaka 1900 na kampuni ya matairi na kikaanza kutoa nyota kwa mikahawa mwaka 1926, hutoa nyota hizo kwa kile kilichomo katika sahani. Vitambaa, mapazia na mandhari havihesabiwi katika nyota. Wakaguzi wake huingia bila kujitambulisha, wakala, wakalipa. Sisi tumeanza upande wa pili.

Mtu asinidhanie kwamba nawashauri wote wakale kwa mama lishe. Tarakea mpakani, ambako wafanyabiashara huvuka kutwa kwenda Illasit na kurudi, wako akina mama ambao ndizi nyama yao ingeweza kumfanya jaji asahau kesi. Lakini wako pia ambao maji yao ya kunawa ni machache na inzi wao ni wengi, na mtu mwenye harusi au mgeni wa heshima anayo haki ya kutaka kiti kizuri, msala safi na utulivu wa kuzungumza. Fahari si dhambi. Nitailipia kwa moyo mkunjufu, maadamu chakula nacho kimo ndani yake.

Na huja mwezi wa Desemba, ambapo Wachaga waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha na kwingineko humiminika nyumbani, magari yakajaa barabara kuanzia Himo hadi Mkuu na Tarakea, mbuzi wakachinjwa kwa ndafu na mbege ikachacha katika kila boma. Hapo mikahawa hii hujaa wenyeji, wala si wapanda mlima, na kisingizio cha ladha ya mgeni huanguka chenyewe. Nimewaona watu waliosoma na kusafiri, wenye uwezo wa kuudai mkahawa huduma kama wadaivyo mahali pa kazi zao, wakila wali uliopoa na nyama ngumu huku wakitazamana. Mhudumu alipopita na kuwauliza chakula kilikuwaje, wote walijibu kwa sauti moja: “Kizuri, asante.” Walipokuwa wakifungua milango ya magari ndipo ghadhabu ikatoka.

Adabu hiyo tuliyorithi ni njema nyumbani kwa watu, ambako mwenyeji amekupa alichonacho bila malipo, na kumwaibisha kwa chumvi iliyopungua ni utovu wa utu. Mkahawani hatukukaribishwa, tumenunua. Kunyamaza kwetu humdhulumu mwenye mkahawa mwenyewe, ambaye huhesabu fedha usiku akaamini kwamba wateja wameridhika, hata siku atakapoona meza tupu asijue sababu. Tena hutudhulumu sisi wenyewe, kwa kuwa hata mkahawa wa pili, utakapojengwa, utauiga wa kwanza.

Lakini anayelalamika na alalamike kwa insafu. Binti anayebeba sahani hakununua ile nyama, hakuiweka barafuni, wala hakupanga bei. Kumkaripia yeye ni uonevu, na aghalabu hufanywa na watu ambao wasingethubutu kumwita tajiri wake. Siku ile nilimpa yule binti bakshishi yake kwa ukamilifu kwa sababu kazi yake aliifanya, kisha nikaomba kuonana na msimamizi, nikamweleza mbele ya bili, bila kupaza sauti, kwamba nyama ilikuwa mbichi moyoni na kwamba sitalipa kahawa ile. Aliiondoa katika hesabu. Jambo hilo halikunipunguzia hata kidogo heshima niliyoingia nayo, na jamaa zangu walioniminya mkono chini ya meza ili ninyamaze walikuwa wa kwanza kucheka tulipofika nje.

Msomaji wangu, ukiingia mahali pa namna hiyo msimu huu, uliza kilichopikwa leo kabla hujafungua menyu. Kikija kibaya, kirudishe kwa upole na useme kwa nini, tena umwambie mwenye mamlaka. Nanyi wenye mikahawa ya mlimani, kaangeni kahawa yenu, andikeni mtori katika mstari wa kwanza wa menyu, mkaupike kwa ndizi za jirani na nyama ya asubuhi, kisha pangeni bei muitakayo. Tutailipa.