Ngumi za Ndani na Ngumi za Nje



Katika mabweni yetu kuna mabishano yasiyokwisha juu ya ngumi za Wachina. Wengine husema ufundi wa kweli ni wa nje, yaani wa Shaolin, wenye mateke, kuruka na nguvu za misuli. Wengine hushikilia ule wa ndani, nao ni taijiquan, xingyiquan na baguazhang, wakidai kwamba huko mtu hushinda kwa pumzi na utulivu tu. Mimi naona wote wanagombania mpaka uliochorwa kwa wino.

Tuangalie asili yake. Mwaka 1669 mwanachuoni Huang Zongxi aliandika maneno ya kaburi la Wang Zhengnan, bingwa wa ngumi. Humo Shaolin iliitwa ya nje, na ngumi za marehemu zikaitwa za ndani. Wakati huo Wamanchu walikuwa wameiteka China, naye Huang alikuwa amewapinga. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba hilo lilikuwa fumbo la siasa: cha nje ni cha mgeni, cha ndani ni cha mwenyeji. Wala zile ngumi tatu nilizozitaja hazimo katika maandishi yale. Ziliitwa za ndani baadaye sana.

Sasa tazameni kazi yenyewe. Taijiquan ya ukoo wa Chen, ambayo Yang Luchan alijifunza na kuifikisha Beijing katika karne ya 19, ilitoka kijiji cha mkoa wa Henan, mkoa ule ule wenye hekalu la Shaolin. Majina mengi ya mikao yake yamo pia katika kitabu cha Qi Jiguang, jemadari wa karne ya 16 aliyefundisha askari. Tena ukoo huo una mfuatano wa pili uitwao ngumi ya mzinga, wenye kuruka, kukanyaga kwa kishindo na kupiga kwa ghafula. Je, huo tuuite wa ndani au wa nje? Naye mwanafunzi wa Shaolin hufundishwa kulegeza mabega na kuongoza pumzi.

Hata Wachina wenyewe walijaribu kutenga. Mwaka 1928 chuo cha taifa cha ngumi kilifunguliwa Nanjing, kikagawanywa idara mbili, Shaolin na Wudang. Ugomvi ukazuka, na mgawanyo ule ukafutwa upesi.

Jambo hili si mchezo, kwa kuwa wadogo zetu wa madarasa ya chini huambiwa wachague upande. Aliyechagua wa ndani huacha kukimbia na kupimana nguvu na wenzake, akingojea uwezo uje wenyewe. Mwaka 2017 mjini Chengdu, Xu Xiaodong, mpiganaji wa ngumi mchanganyiko, alimwangusha mwalimu mmoja wa taijiquan kabla ya nusu dakika kwisha. Aliyechagua wa nje naye hukaza mwili mchana kutwa, akaumiza magoti kwa kukosa mtu wa kumfundisha utulivu.

Basi shauri langu ni hili: anayejifunza ajifunze kulegea na kukaza, kupumua na kupiga, kisha ajipime mbele ya mwenzake kwa adabu. Wahenga walisema mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Anayebisha na aandike katika toleo lijalo.