Badilisheni sinia, msimwondoe mgonjwa

Mvua za vuli zinaponyesha, kati ya Oktoba na Desemba, maisha ya familia nyingi za Pwani, Tanga, Kilimanjaro na Kanda ya Ziwa hubadilika kidogo. Jioni watu huwahi kurudi nyumbani, mahindi huchomwa, maembe hujaa sokoni, na ikifika Desemba safari za kwenda kijijini kuwaona wazee huanza. Ni raha ndogo zisizohitaji fedha nyingi: sinia la wali lililozungukwa na ndugu, kahawa barazani, mchezo wa bao, bibi na wajukuu wakipiga soga.

Hata hivyo, katika nyumba nyingi kuna mtu mmoja aliyewekwa pembeni. Ni baba mwenye kisukari, mama mwenye shinikizo la damu, au kijana aliyeanza dawa za kifua kikuu. Wenzake wakikaa kula, yeye anapelekewa bakuli lake chumbani, mboga za kuchemsha na kipande cha ugali, na kuambiwa kwamba hicho ndicho alichoruhusiwa na daktari. Wanaofanya hivyo wana nia njema, lakini wanamwongezea mgonjwa ugonjwa wa pili, yaani upweke.

Ndugu msomaji, upweke si jambo dogo. Ripoti ya tume ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotolewa mwaka 2025 inasema mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke, na hali hiyo inakadiriwa kuchangia vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Ripoti hiyo inaonyesha kuwa upweke na kutengwa huongeza hatari ya kiharusi, magonjwa ya moyo, kisukari na sonona. Tazama orodha hiyo: mengi ni magonjwa yale yale yanayotufanya tumtenge mzee mezani.

Kuna hatari nyingine pia. Mtu akiona matibabu yamemnyima nafasi yake katika familia, huanza kuyachukia matibabu yenyewe. Usishangae akificha ugonjwa wake ugenini, au akiruka dawa siku ya sherehe ili naye aonekane mzima.

Wapo watakaouliza: kwa nini nyumba nzima ile chakula cha mgonjwa? Jibu ni kwamba mengi anayoshauriwa mgonjwa yanatufaa sote. WHO inashauri kila mtu mzima atumie chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na chumvi iliyomo kwenye vipande vile vya kukoleza mchuzi. Isitoshe, kisukari na shinikizo la damu hufuata koo. Watoto wa baba huyo wako katika hatari kubwa kuliko watoto wa jirani asiye na ugonjwa huo, hivyo sinia linalomfaa yeye ni kinga yao.

Kulibadilisha si kazi kubwa. Punguza chumvi kwenye chungu cha wote, kisha acha ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vifanye kazi ya ladha. Ongeza mchicha, matembele au kachumbari hadi mboga zifike nusu ya chakula, robo iwe wali au ugali, na robo nyingine iwe samaki, maharage au nyama isiyo na mafuta mengi. Kwa mwenye kisukari, sinia la pamoja lina tatizo moja la kweli: ni vigumu kujua amekula kiasi gani. Mpakulie kwenye sahani kutoka chungu kile kile, na akae kwenye mkeka ule ule.

Raha za msimu naye azipate kwa kiasi. Hindi la kuchoma ni wanga kama ugali, kwa hiyo akila hindi, apunguze ugali wa usiku huo. Embe ale vipande vichache, aepuke juisi yake. Kahawa anywe bila sukari na kashata awaachie wengine. Anayetumia insulini asicheleweshwe kula kwa sababu wageni hawajafika. Akianza kutetemeka, kutokwa jasho au kuchanganyikiwa, huenda sukari imeshuka: kama anaweza kumeza, apewe maji ya sukari mara moja, na asipopata nafuu haraka apelekwe hospitali. Mwenye ugonjwa wa figo ana masharti yake ya matunda na mboga, amuulize daktari wake kwanza.

Vipi kuhusu kuambukizana? Virusi vya Ukimwi haviambukizi kwa kula pamoja. Kifua kikuu cha mapafu huenea kwa hewa mtu anapokohoa, wala hakienei kwa sahani au kikombe. Mgonjwa anayemeza dawa zake ipasavyo hupoteza haraka uwezo wa kuambukiza, na mhudumu wa kliniki atawaeleza ni lini. Hadi hapo, kaeni naye nje barazani penye hewa, naye azibe mdomo anapokohoa. Kinachopaswa kuwatia hofu wote msimu huu wa mvua ni mikono michafu, kwa kuwa kipindupindu na homa ya matumbo hupitia hapo. Kila anayekaribia sinia anawe kwa maji tiririka na sabuni.

Mzazi mwenye mtoto wa selimundu, nawe usimfungie ndani wenzake wakicheza. Baridi, kulowa na kukosa maji mwilini vinaweza kuamsha maumivu, hivyo mvalishe nguo za joto, mbadilishe haraka akilowa, mpe maji ya kunywa mara kwa mara na umruhusu kupumzika anapochoka. Kwa watoto wote, walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima, kwa sababu huweza kuwapalia. Na mvua ikiwakuta mnachoma mahindi, msiingize jiko la mkaa ndani ya chumba. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Kama Desemba mnasafiri, hesabuni dawa za siku zote za safari na ziada ya wiki moja, mbebe na kadi ya kliniki. Mtangulieni mgonjwa kwa simu kijijini, mpishi ajue mapema kwamba chumvi ipunguzwe kwenye chungu cha wote. Mgonjwa asilazimike kujieleza mbele ya ukoo mzima.

Kwa wiki hii, anzeni na mlo mmoja. Kabla ya kupakua chakula cha jioni, muulizeni mgonjwa wenu anatamani kula nini pamoja nanyi, kisha pikeni hicho kwa namna inayomfaa, mle wote.