Mama mwenye daftari

Juma lililopita niliahidi kuendelea na habari ya watoto wanaokataa kula. Itangoje kidogo. Mdogo wangu anayeishi Liège, kule Ubelgiji, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na saba, na nilipomaliza kuusikiliza umeme ulikuwa umekatika na sombe langu limekauka motoni. Alikuwa na hasira. Na hasira yenyewe ilitokana na mchezo wa karata.

Najua wengine mmeshakunja uso. Kwetu karata ni za wale vijana wanaokaa kando ya njia tangu asubuhi, na ukipita na kikapu chako wanakuomba franka mia tano za sigara. Hata mimi nilimwuliza: tangu lini wewe unaingia mambo ya karata? Akanijibu: Yaya, sikiliza kwanza.

Mdogo wangu anatunza mama mzee wa kizungu, mjane, aliyepita miaka themanini. Anampikia, anamwogesha, anampa dawa zake. Na kila Jumanne saa nane anamvika koti lake zuri na kumsindikiza kwenye ukumbi fulani ambako wazee wanacheza briji. Mwanzoni alikuwa anamwacha mlangoni na kwenda kununua vitu. Siku moja mvua ikamzuia, akabaki ndani, akaanza kutazama.

Niwaeleze mchezo wenyewe kwa ufupi, maana hata mimi nilieleza mara mbili nyumbani kabla mtu kunielewa. Briji inachezwa na watu wanne, wawili kwa wawili, na mwenzako anakaa mbele yako, ng’ambo ya meza. Karata ni 52, kila mtu anapata 13. Kwanza mnanadi: kila upande unasema utashinda mizunguko mingapi. Halafu mnacheza, na mmoja wa upande ulioshinda mnada analaza karata zake zote wazi mezani, na mwenzake anamchezea. Kwa Kifaransa huyo aliyelaza karata wanamwita maiti. Mdogo wangu aliposikia mara ya kwanza wakisema “maiti ni Madamu” aliruka kutoka kwenye kiti chake.

Kunadi kwenyewe hawatumii mdomo. Kila mtu ana kasanduku kadogo ka vikaratasi, anatoa kikaratasi na kukilaza mezani. Kwa hiyo ukumbi wa watu thelathini na sita uko kimya kuliko kanisa.

Na jambo moja lilinipendeza sana. Katika klabu, karata hazichanganywi upya kwa kila meza. Zinawekwa ndani ya kisahani chenye mifuko minne, na kisahani kinazunguka meza baada ya meza, ili wote wacheze karata zilezile. Ni kama mtihani wa serikali: swali la Bukavu ndilo swali la Kisangani. Basi hakuna wa kusema “mimi sikupata karata nzuri”. Wote mmepewa zilezile, tunaangalia nani alizitumia vizuri.

Lakini hapo ndipo kazi inapoanza. Lazima mtu afike mapema apange meza na viti. Lazima mtu ajaze visahani, mtu aongoze watu kutoka meza hii kwenda ile, mtu ahesabu matokeo, mtu aamue watu wakigombana, mtu atengeneze kahawa na kuosha vikombe. Na lililo kubwa zaidi: ukija peke yako, huna kazi hapo. Watu watatu hawachezi briji. Ukikosa mwenzako unarudi nyumbani na koti lako zuri.

Katika klabu ile kulikuwa na mama mmoja, naye mzee, aliyeshughulikia jambo hilo. Kila Jumapili jioni alikaa na simu na daftari. Nani anakuja Jumanne? Wewe huna mwenzako? Ngoja, fulani pia hana, nitawaunganisha. Na akikosa kabisa mtu wa nne, aliketi yeye mwenyewe, hata kama alikuwa amechoka. Hakuna aliyemlipa hata senti moja. Mdogo wangu anasema mama huyo hakuwa mchezaji mzuri. Alikosea mara nyingi, wengine walimcheka.

Mwisho wa mwaka klabu ilifanya sherehe. Walioshinda walipewa vikombe, wakapigiwa makofi, wakapigwa picha. Mwamuzi alishukuriwa. Mwenye kutunza fedha alishukuriwa. Mama wa daftari ndiye aliyekuwa jikoni akikata keki, hakuna aliyemtaja.

Mwezi uliofuata akaanguka kwenye ngazi, akavunjika nyonga, akalazwa hospitali.

Hakuna aliyefanya ubaya. Ni kwamba hakuna aliyejua anachofanya. Jumanne ya kwanza zilikuwa meza tisa kama kawaida. Ya pili, watu wanne walikuja bila wenzao, wakasimama mlangoni, wakaondoka. Baada ya miezi miwili meza zilikuwa tano. Kutoka watu thelathini na sita mpaka ishirini. Wazee waliobaki wakaanza kulaumu vijana wa siku hizi na simu zao, eti briji inakufa kwa sababu yao. Madamu naye hakupigiwa simu tena. Akakaa nyumbani. Akaanza kuacha chakula kwenye sahani, akawa analala saa moja ya jioni. Ndipo mdogo wangu alipokasirika, maana yeye ndiye anayeona sahani ile.

Nikamwuliza: na wewe mule ndani wanakuchukuaje? Akacheka. Akasema siku ya kwanza bwana mmoja alimwuliza kama amekuja kufagia. Yeye ndiye mweusi peke yake ukumbini.

Jibu hilo lilinisumbua usiku. Nikataka kujua kama mchezo huu uliwahi kuwa na watu wa rangi yetu, na nilichokipata kinafaa kusimuliwa kwenu. Kule Marekani, miaka ya 1930, vyama vikubwa vya briji vya wazungu havikuwaruhusu watu weusi kucheza katika mashindano yao. Basi mwaka 1932, huko Buckroe Beach katika jimbo la Virginia, kikundi cha weusi waliokuwa wakicheza tenisi kikaanzisha chama chao cha briji, American Bridge Association. Fikirini ilivyokuwa: mwenye ukumbi anaweza kukunyima mlango, hoteli nayo vilevile. Chama kinasimama kwa sababu mtu fulani ametoa sebule yake, mwingine ametandika meza, mwingine amefundisha jirani, mwingine ameandika barua kwa wenzake wa mji mwingine.

Kuanzia 1949 mpaka 1964 kiliongozwa na Victor Daly, aliyekuwa amepigana Vita ya Kwanza ya Dunia akarudi na kuandika riwaya juu yake. Aliishi Washington, na alisukuma kwa miaka mingi ili milango ya mashindano makubwa ifunguliwe kwa weusi. Ilikuwa 1967 ndipo chama kikubwa cha huko, American Contract Bridge League, kilipoondoa kizuizi cha mwisho. Miaka thelathini na tano tangu ule mwanzo wa Buckroe Beach! Na baada ya mlango kufunguliwa, chama cha weusi hakikufungwa. Kiko mpaka leo, na bado kina klabu zake na mashindano yake. Mimi naelewa kwa nini. Mtu hawezi kuacha meza aliyoitandika mwenyewe kwa sababu tu amekaribishwa kwingine.

Nilimtumia mdogo wangu habari hiyo. Siku mbili hakujibu. Siku ya tatu akanitumia picha: daftari la jalada jekundu, limechakaa kwenye pembe. Alikuwa amekwenda hospitali kumtembelea yule mama, akiwa na Madamu kwenye kiti cha magurudumu, na akamwomba daftari lake.

Wamama, daftari hilo lingefaa kusomwa na kila kamati ya kikundi chetu. Si namba za simu tu. Pembeni ya kila jina kuna maneno. Huyu hawezi kupanda ngazi, mpe meza ya chini. Huyu haendeshi gari usiku, arudi na fulani. Hawa wawili msiwaketishe pamoja, waligombana kwa ajili ya mnada. Huyu alifiwa na mumewe mwezi wa tatu, mpigie siku ile hata kama haji. Huyu anasikia kwa sikio la kulia. Huyu anasema hapana mara ya kwanza kila siku, mwulize tena.

Nilisoma yale maneno nikawaza likelemba yetu. Tunajua nani ni rais, nani ni mwandishi, nani anashika sanduku. Lakini yule mama anayepita nyumba kwa nyumba siku moja kabla ya mkutano, anayejua nani mtoto wake yuko hospitali asidaiwe mchango leo, nani ana haya ya kuja kwa sababu hana kitenge cha sare, yule tunamwita nani? Katika kikundi cha kartie yangu tunaye mmoja, na mimi mwenyewe, nakiri, nilidhani anapenda tu kutembea-tembea. Naomba kila kikundi, kwenye mkutano ujao, mumtafute mama wenu wa daftari. Mumpe msaidizi, mdogo kwake, atembee naye. Na kama mambo yote yako kichwani mwake, yaandikwe. Sisemi mumpe cheo. Wengine ukiwapa cheo wanaanza kukaa kwenye kiti.

Turudi Liège. Mdogo wangu alianza kupiga simu Jumapili jioni, baada ya Madamu kulala. Mara ya kwanza watatu walimkatia, wakidhani anauza kitu. Mmoja alimwuliza kama amepata namba yake kwa wezi. Akajifunza kuanza na jina la yule mama aliyelazwa: “Napiga kwa niaba yake, ananituma nikuulize kama utakuja Jumanne.” Hapo sauti zikabadilika. Wengine walitaka kwanza habari za nyonga yake, wakakaa kwenye simu nusu saa.

Tena aliona jambo ambalo wale wazee hawakuliona. Waliwaita watu wapya waje kujifunza, lakini somo lenyewe lilikuwa la kuwafukuza: kanuni za mnada juma baada ya juma, hakuna kushika karata. Kuna namna nyepesi inayoitwa minibriji, ambayo huko Ufaransa na Uholanzi wameitumia sana kufundisha hata watoto shuleni. Hakuna mnada. Kila mtu anahesabu pointi zake: asi 4, mfalme 3, malkia 2, kijana 1. Zote mezani ni 40. Upande wenye pointi nyingi ndio unaochagua, karata za mwenzake zinalazwa wazi, mnacheza. Mtu anajifunza kwa saa moja na siku hiyohiyo anarudi nyumbani akiwa amecheza. Mdogo wangu akamwomba mwamuzi, mstaafu mmoja mpole, awape meza moja ya minibriji pembeni. Alikubali bila maneno. Kumbe alikuwa anangoja mtu aulize.

Waliokuja kwenye meza ile mpaka sasa ni wachache. Jirani wa Madamu, muuguzi wa usiku, na msichana wa miaka kumi na mitatu aliyeletwa na bibi yake na ambaye, nasikia, anawashinda wote. Wa nne ni mdogo wangu. Ndiyo, yeye mwenyewe, anacheza karata, na mama yetu akisikia atasema maneno.

Meza zimefika saba. Tisa bado. Yule bwana wa kufagia ndiye anayepanga viti sasa, kwa sababu mdogo wangu alimpigia simu na kumwambia: tunahitaji mtu mwenye mgongo mzuri, afike saa saba na nusu. Madamu anakula, na akirudi Jumanne jioni analalamika kwamba wenzake wote hawajui kunadi.

Jumapili iliyopita nilimpigia mdogo wangu kumwambia kwamba nitaandika habari hii. Tukaongea kidogo juu ya nyumbani, juu ya bei ya makaa, juu ya mtoto wa shangazi anayeoa. Halafu akanikata katikati ya neno: “Yaya, nakuacha. Kuna mmoja wa Jumanne bado hajanijibu, na ni yule wa kuuliza mara mbili.”