Kiboko na kobe wake

Kwenye orodha ya vitabu vya kuwasomea watoto ningeongeza kisa cha Owen na Mzee, kitabu cha 2006 chenye picha za Peter Greste. Owen, mtoto wa kiboko, aliokolewa baharini Malindi Desemba 2004, akapelekwa Haller Park, Mombasa, akamng'ang'ania kobe mkongwe, Mzee.

Wazazi wengi hukimbilia funzo la urafiki. Mimi hukawia pale kobe anapomfokea na kujiburuta mbali. Hapo ndipo maswali ya watoto humiminika: mama yake Owen yuko wapi? Mbona hakasiriki? Waacheni waulize. Na msiwafiche kwamba baadaye Owen alihamishiwa kwa kiboko jike, Cleo. Kwa ukubwa ule angemuumiza mzee wa watu.